Macho ya Ukoo

Muuguzi alikuwa ameshamfunga Zawena mpira mkononi, lakini sindano ilikuwa bado mezani.

"Mama, kwenu kuna aliyepofuka?" alimuuliza mama yake Zawena.

"Hakuna," Mwanaidi alijibu haraka.

"Mama naye!" bintiye akadakia. "Na bibi je? Na mama mkubwa Chausiku? Kwetu, dada, tunafundishwa kuchambua mchele tumefumba macho. Mimi sibakishi hata chuya moja!"

Muuguzi hakucheka. Alieleza taratibu kwamba damu ingeonyesha kama mtoto ameurithi ugonjwa huo wa macho, na wa aina gani. Kisha majibu yangeingizwa kwenye kompyuta pamoja na ya wagonjwa wa miji mingine. "Aina moja imeshapata tiba, mama. Yenu hatuijui. Mkijificha, madaktari watamtafutia nani dawa?"

Mwanaidi aliitazama sindano. Kwao ugonjwa huo hautajwi, usije ukaamka. Na majibu yakisema Zawena anao, atamtazamaje mtoto huyu akisoma? Tena lilikuwepo lile ambalo hakumwambia mtu: tangu mfungo uliopita, jua likizama, haoni ngazi ya mlango wake mwenyewe.

"Mama, tunasubiriwa," Zawena alinong'ona.

Mwanaidi akaufungua mpira mkononi mwa bintiye, akapandisha mkono wa baibui lake.

"Anza na mimi," alisema. "Yeye atafuata."

Damu yake ikapanda kwenye kichupa, nyeusi kuliko alivyodhani. Aliikodolea macho bila kupepesa. Zawena akasogea kuitazama naye, mashavu yao yakagusana.