Namba ya Ubavuni

Mshonaji aliinakili namba kwa chaki ya kushonea, kwenye suruali ya mteja, maana hakutaka kubanduka dirishani. Nje, hatua kumi tu kutoka cherehani yake, mdogo wake Kitinda alikuwa akiishusha droni ya rangi ya chungwa yenye namba hiyo ubavuni, taratibu kama anayelaza mtoto.

Ndoto ya droni ilikuwa ya mshonaji. Yeye ndiye aliyekariri kanuni huku akipiga mapindo: usiruke juu ya watu, usikaribie uwanja wa ndege, usiiache ikapotea machoni. Akafanya mtihani wa leseni mara tatu, akaanguka mara tatu. Kitinda, aliyekwenda kumsindikiza tu, akajiandikisha kwa mzaha. Akafaulu siku hiyohiyo.

"Usikate tamaa, dada!" Kitinda aliita. "Mwezi ujao jaribu tena. Mimi hapa nakijaribu tu chombo kama ni kizima."

Anakijaribu tu! Nyongo ilimpanda mshonaji. Tumbo moja, ziwa moja, lakini bahati yote kapewa kitinda mimba. Hata kuazima alikuwa haoni haya: juzijuzi Kitinda alichukua kitambulisho cha dada yake, eti kuna fomu anajaza, akakirudisha huku akicheka peke yake.

Asubuhi iliyofuata mshonaji alikuwa ofisi ya leseni.

"Ilipita juu ya vichwa vya watoto wa shule," alimwambia karani. Haikupita. "Tena chini kabisa."

"Umeona mwenyewe, mama?"

"Kwa macho yangu haya."

"Kosa kubwa hilo. Mwenye chombo ananyang'anywa, na mtihani haugusi tena kwa miaka mitano."

"Sheria ni msumeno," alisema mshonaji, akatia saini upesi kabla moyo haujamgeuka.

Karani akagonga muhuri. Akaingiza namba kwenye kompyuta, akasoma. Kisha akaomba kitambulisho. Akakitazama, akatazama kioo cha kompyuta, akakitazama tena kitambulisho.

"Mama, miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki sijaona mtu akijishtaki mwenyewe. Chombo hiki kimeandikishwa kwa jina lako. Na aliyekileta ameandika hapa pembeni: 'Zawadi ya dada, siku atakayofaulu.'"