Bado Anachuma

“Bado anachuma,” Mokeira alimwambia ndugu yake hata kabla hajavua viatu mlangoni.

Abner alichungulia sebuleni. Mama yao alikuwa kwenye kiti chake, blanketi mapajani, viwiko vimebana mbavuni, vidole gumba vikifinya, vikifinya, vikifinya. Ngozi ya vidole ilikuwa imeanza kuchubuka. Chakula chake cha mchana kilikuwa mezani, kimepoa.

Sasa mwanamke aliyechuma majani chai hapa Ekerenyo tangu usichana wake, akili ikishamtoka, mikono itafanya nini kingine? Kila jirani aliyeingia alisema hivyo hivyo: anachuma. Mokeira alikuwa amejaribu kumwekea kikapu cha majani mabichi mapajani. Mama alikisukuma kikaanguka. Mokeira akamshika mkono akampeleka hadi shambani, akamsimamisha katikati ya chai. Mama aliitazama chai yake mwenyewe kama mtu aliyepotea njia, akaanza kulia.

“Kesho naanza kumpa zile dawa,” Mokeira alisema. “Na usinitazame hivyo. Wewe unakuja Jumapili na mkate, jioni unarudi zako Kisii. Mimi ndiye niko na yeye.”

Zile dawa Abner alizijua. Daktari hakuwaficha: atatulia, ndiyo, lakini atashinda amelala kama gogo, na hicho kidogo anachokumbuka huenda kikaenda. Abner hakutaka. Lakini angesema nini? Mama mwenyewe siku hizi alimwita “Baba Mokeira,” kwa vile alivyofanana na marehemu mzee wao, Ogeto. Abner alikuwa ameacha kumbishia. Aliitika tu.

Asubuhi hiyo alikuwa amepitia soko la Daraja Mbili kumtafutia mama glavu laini za mtumba. Glavu hakupata. Badala yake, kwenye turubai la muuza redio mbovu, aliona kitu kilichomfanya apige ukelele mbele za watu: mashine ya gemu ya zamani, na juu yake imechomekwa kaseti ya manjano. Fuko! Fuko yenyewe!

“Abner! Mama anachubuka vidole na wewe unaleta mchezo?”

Abner alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya runinga, anachomeka nyaya. Hakuweza kukaa bure. Akikaa bure angeifikiria kesho.

Hakuna mtoto mwingine kijijini aliyeipenda gemu ya Fuko. Wenzao walitaka bunduki na magari. Huyu alikuwa fuko mnene tu, anachimba mashimo na kuwabebea watoto wake viazi vitamu. Hata jina walilitunga ndugu hawa wawili, maana maandishi ya kwenye kaseti yalikuwa ya Kichina. “Aa, huo ni mchezo wa wazee,” wenzao walicheka. Lakini Abner na Mokeira walimpenda fuko wao kufa kupona, ingawa hawakuwahi kumvusha mto. Wakifika mtoni anazama, muziki unakatika, wanaanza upya.

Na ile betri! Enzi hizo umeme haukuwa umefika, runinga ilitumia betri ya gari, na betri ilikuwa inaisha kwa kasi ya ajabu. Mzee Ogeto angewasha apate habari, kimya. “Ni haka kamchezo kenu ka shetani!” angefoka, na Abner angevutwa masikio hadi yawake moto. Waliapa kwamba walicheza kidogo tu, na kwamba kila jioni Mama huifungia mashine chumbani kwake. Nani angewasikiliza? Mama mwenyewe hakuwatetea hata kwa neno moja. Ila kesho yake Abner angekuta yai la kuchemsha kwenye mkoba wa shule.

Runinga ilionyesha chenga tupu.

“Ipulize,” Mokeira alisema, kama asiyetaka kusema.

Abner aliichomoa kaseti, akaipuliza, akaichomeka tena. Ule muziki wa kitoto ukaanza. Alishika padi ya vitufe akacheza huku mguu ukigongagonga sakafu. Fuko alichimba, akabeba viazi, akafika mtoni. Akazama.

“Mpaka leo hujui,” Mokeira alicheka. Halafu alikumbuka kesho, akaenda jikoni.

Abner alitupa padi juu ya blanketi la Mama, akamfuata.

“Nipe wiki moja tu.”

“Ya kufanya nini? Abner, nimechoka. Silali. Yeye halali, mimi silali.”

“Ni mama yetu, Mokeira.”

“Kwani nimesahau?” Mokeira alisema, na machozi yakamtoka. “Mikono yake ikitulia hata saa moja tu, zile dawa natupa chooni. Haya, itulize.”

Ndipo waliposikia muziki kutoka sebuleni. Si ule wa mwanzo, wala ule wa kuzama. Huu hawakuwahi kuusikia maishani mwao.

Walikimbia.

Mama alikuwa ameegemea kiti, padi mikononi, viwiko vimebana mbavuni. Vidole gumba vilibonyeza taratibu, bila wasiwasi wowote. Kwenye runinga, fuko alikuwa ng’ambo ya mto, anawagawia watoto wake viazi.

“Mama!” Abner alipaza sauti.

Mama hakugeuka.

“Shh! Baba Mokeira, polepole, utaamsha watoto,” alinong’ona. “Ngoja nimalize hapa, halafu ni zamu yako. Betri ikiisha, kesho tutasema ni wao.”