Daftari Jekundu

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1994. Mama aliweka gazeti juu ya cherehani ya binti yake.

"Nisomee hadithi hii, mwanangu. Miwani imenivunjikia."

Ilikuwa hadithi ya binti mwenyewe, aliyoipeleka gazetini bila jina. Alisoma habari za msichana aliyeandika katika daftari aliyotendewa na mjomba wake, na za mama aliyelichoma daftari hilo la kijani, rangi ambayo binti aliibuni ili asijulikane. Mguu wake ulikanyaga pedali bure. Sindano haikuwa na uzi.

"Halikuwa la kijani," alisema mama.

Pedali ilisimama.

Mama alifungua mkoba. Miwani yake ilikuwamo, nzima. Alitoa daftari jipya, jekundu.

"Nililichoma, nalilipa. Andika tena, na jina la kaka yangu uliweke."