Waraka wa Tausi

Utamwambiaje mtu kwamba amekuwa huru kwa miaka ishirini, na nyumba nzima ikamficha? Salha alijiuliza hivyo siku ya hina yake. Asubuhi ile, akifungasha vitu vya kwenda navyo kwa mume, alikuta waraka ndani ya msahafu wa marehemu baba yake. Baba alikuwa amemwacha huru mtumwa wake Tausi, kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Miongoni mwa mashahidi lilikuwamo jina la mama.

Sasa Tausi alikuwa amepiga magoti, akimpaka hina miguuni. Kesho angepelekwa mji wa mbali pamoja na bibi harusi na vyombo vyake, amwache nyuma mumewe kipofu.

“Tulia, bibi! Mguu unarukaruka kama wa mbuzi aliyeona kisu.”

Wanawake waliokuja kwenye hina wakacheka. Salha alimwonyesha mama, aliyeketi kando yake, waraka. “Kwa nini ulimficha?” alinong’ona.

Mama aliutazama, kisha akatazama ukuta. “Ulikuwa mchanga, nami sikuwa na maziwa. Nani angekunyonyesha?”

Uso ulimwaka Salha. Hakuweza tena kuiacha miguu yake katika mikono ile. Alisimama, na hina mbichi ikachafua mkeka.

“Salha! Umeharibu kazi yangu yote,” Tausi alilalamika.

Salha aliwageukia wanawake. “Mama Tausi hafuatani nami kesho. Baba alimwacha huru nikiwa mchanga, nasi tukamficha ili aninyonyeshe mimi. Waraka wake huu hapa. Ninamsomea sasa, mbele yenu nyote.”