Ndoo ya Udongo Gatini

"Hapa mbwa hakanyagi!" alifoka Shekue, mlinzi wa gati, kutoka juu ya ngazi.

Tekla alikuwa chini kwenye mashua yake ya tanga, amemshika mbwa wake Kungu shingoni. Hii ilikuwa bandari ya tatu kuwafukuza. Kungu hakojoi ila juu ya udongo, na tangu jana asubuhi alikuwa amejizuia. Sasa miguu ya nyuma ilikuwa ikimtetemeka.

"Dakika moja tu, baba."

"Watu wanapita hapa na udhu wao, mama. Fungua kamba uende zako."

Kando ya ngazi palikuwa na ndoo ya udongo, ule wa kusugulia chombo kilicholambwa na mbwa. Tekla akapanda mbiombio, akaibeba, akashuka nayo, akaimwaga yote juu ya sitaha ya mashua.

"Mwizi! Udongo huo ni wa kutakasia!"

"Mtatakasa nini, na mbwa wenyewe hamtaki washuke?"

Akaitupa ndoo tupu miguuni pa Shekue. Kungu akaunusa udongo, akauzunguka mara mbili, akainua mguu. Kisha akaushusha polepole bila kukojoa, akageukia nchi kavu, akaanza kulia.

Shekue akaiokota ndoo. Hakuondoka, wala hakumwambia tena Tekla afungue kamba.