Jasho la Bomba

"Kompresa ya kiyoyozi imekufa, shemeji," akasema mume wa dada yangu, akifuta mikono kwa kitambaa. "Niachie gari mpaka kesho. Nitakufungia nyingine, iliyotumika lakini nzima."

Injini ilikuwa inaunguruma, kiyoyozi kimewashwa. Joto lilikuwa la unyevu, shati limenigandia mgongoni.

Sipendi kumhukumu mtu haraka, tena fundi wa nyumbani. Niliinama tu, nikagusa bomba nene linalorudi kwenye kompresa. Lilikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, na matone yakanichuruzika vidoleni.

"Maiti hatoki jasho, shemeji."

Akacheka kidogo. "Ufundi umeanza lini?"

Niliingia garini, nikafungua droo ya dashibodi na kuchomoa chujio la hewa lililo nyuma yake. Lilikuwa jeusi, limeziba kwa vumbi na majani makavu. Nilipoliweka kando, upepo ulitoka kwa nguvu, baridi mpaka vinyweleo vikanisimama.

"Basi ni chujio," akasema, upesi mno. "Lakini hiyo kompresa haina siku nyingi. Niachie tu."

Nikatazama nyuma ya bega lake. Gari lake, pacha wa langu, lilikuwa na boneti wazi. Mahali pa kompresa palikuwa na boliti tupu na uwazi.

Dada akatoka ndani na glasi ya maji. "Umemtengenezea mdogo wangu?" akamwuliza mumewe.

Alinitazama mimi, si mkewe.

Nikafunga boneti ya gari langu. "Amemaliza, dada," nikasema. "Naondoka nalo."