Kikohozi cha Mwalimu Mkuu

"Si hivyo," alisema Mzee Sifuna. "Akohoe kwanza, halafu ndio ataje Mungu."

Ilikuwa mara ya tisa. Nasra alivua hedifoni, akashusha pumzi. Alikuwa amejifungia ndani ya stoo ya kanisa moja mjini Eldoret, kuta zote zimefunikwa mablanketi aliyoyatoa dukani kwake mwenyewe, ili honi za malori ya kwenda Turbo zisiingie kwenye rekodi. Mwislamu ndani ya stoo ya kanisa, anamwigiza mwalimu mkuu anayehubiri nidhamu. Mumewe alikuwa amelicheka jambo hilo wiki nzima.

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, cha dhihaka tupu. Mwandishi wake, ambaye sasa ni marehemu na riwaya zake nzito zinasomwa nchi nzima, alikiandika akiwa kidato cha tatu, akiiga hotuba za mwalimu mkuu wa shule yake: mtu wa kuonya juu ya uvivu kwa dakika arobaini, mpaka yeye mwenyewe asinzie.

Nasra na wenzake walijitolea kurekodi vitabu kwa ajili ya shule ya wasioona. Bintiye, Najma, alisoma huko, na alikuwa ameshatangazia bweni zima kwamba sauti watakayoisikia Jumatatu ni ya mama yake.

Lakini kikundi kilikuwa na sheria moja: rekodi haitoki mpaka Mzee Sifuna aipitishe. Macho ya Mzee yalikuwa yamezimika zamani, ila masikio yake hayakupitwa na kitu. Ndiye aliyependekeza kitabu hiki. Na kwa vile aliijua shule ile mpaka idadi ya madirisha yake, wote waliamini alikaa dawati moja na marehemu, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Linah, kiongozi wao, alitazama saa. Mvua ya Eldoret haina adabu ikifika saa nane, na ikishaanza kupiga mabati, kazi imekwisha. Alisema kwa upole kwamba wakishindwa, basi Tyson asome. Tyson ni kijana mzuri, lakini husoma kila kitu kama anatangaza mpira. Nasra alivaa tena hedifoni. Angemwambia nini Najma?

"Mzee, naogopa nikimcheka sana itakuwa matusi," alisema. "Pengine alikuwa mtu mzuri."

"Unamhurumia, na hiyo ndiyo shida. Huyo hakuwa anaongea na watoto. Alikuwa anajisikiza mwenyewe."

Akamwelekeza upya. Neno "nidhamu" livutwe. Meza igongwe kwa kidole mara tatu. Kila baada ya onyo, suruali ipandishwe. Nasra aliuliza suruali itasikikaje kwenye rekodi, akajibiwa kwamba itasikika kwenye pumzi. Maneno ya kitabu Mzee hakuyagusa kabisa.

Mara ya kumi Nasra alijiachilia. Alikohoa, akamtaja Mungu, akagonga meza, akapandisha suruali ambayo hakuwa nayo, akaonya juu ya uvivu kwa sauti iliyozama polepole mpaka ikawa mkoromo. Linah alijiziba mdomo kwa mkono. Mzee alianza kutikisika mabega, kisha akacheka mpaka machozi yakamtiririka, na kicheko kilipoisha machozi hayakuisha. Wakamwacha apumue.

"Hiyo imepita," alisema mwishowe. "Hiyo ndiyo yenyewe."

Nasra alifurahi kama msichana aliyepasi mtihani. Akilini alimwona Najma bwenini, amekaa katikati ya wenzake, kidevu juu kwa maringo, na matone ya kwanza yalipogonga mabati hakuyasikia.

Linah alitoa simu ili aandike majina yatakayotajwa mwisho wa rekodi. Alimwambia Mzee kwamba angependa kumtaja kama mwanafunzi mwenza wa marehemu. Wasikilizaji wangefurahi kujua.

Mzee Sifuna alifuta macho kwa kiganja.

"Usiandike hivyo, Linah. Mimi ndio nilimfukuza shule juu ya hii kitabu. Nakala niliyomnyang'anya niliichoma bila kuisoma, na leo ndio mara yangu ya kwanza kuisikia."